Tantine Aliwauzia Kitenge, Sasa Anataka Wakirudishe

Mama Olive wetu, jambo sana. Nisaidie kabla furaha haijanipasua, juu siku ya posho, Jumamosi hii, ninaolewa! Ninaolewa, Mama Olive, mimi ambaye watu wa Katindo walishaanza kuniita sista wa parcelle, mutawa wa nyumbani, kwa kuwa miaka inaenda na hakuna anayebisha hodi, na sasa ninacheka tangu asubuhi mupaka jioni, nimetia sukari kwenye maharagi ya wateja nikidhani ni chumvi, wakala wakanyamaza kwa huruma, na juzi nilimuamkia mbuzi wa jirani "jambo papa" mbele ya watu, tena nikasimama nikingoja aitikie. Tafadhali usitaje jina langu gazetini, andika tu "musichana mumoja wa Goma", juu Tantine Thérèse, shangazi wangu, anasoma ukurasa wako kila juma, anausoma hata kabla ya matangazo ya vifo.

Fiancé wangu anaitwa Viateur, ni mutoto wa Rutshuru, anauza simu na chaja pale karibu na resto yangu, ni murefu, ni mupole, na akicheka anafunika macho kama mutu anayeona haya na jua. Sisi ni watu wa upande wa Bukavu, Wakatoliki wa benchi la mbele, na mwanzoni familia ilinuna kusikia Rutshuru, yakaanza yale maneno ya nani ni nani na nani alitoka wapi, unayajua, lakini Tantine alipiga meza akasema "Sisi si watu wa ukabila! Mutu ni mutu!" na tangu siku ile anarudia hayo kila mahali, kwa mwenye duka, kwa padri, hata kwa munganga wa meno, kinywa kikiwa wazi na chuma ndani. Nilijivunia yeye mingi sana. Mama alipokufa ni Tantine alinilea, alininywesha kwa chupa, alinisuka, alinichapa, na siku ya posho ni yeye atanishika mukono na kunikabidhi kwa wakwe, na bila mukono wake sijui nitavuka mulango wa ukumbi namna gani.

Sasa shida ni kitenge. Unajua kwetu arusi bila kitenge cha familia ni mukutano tu. Komite ya arusi ilikaa, ikabishana, ikachagua cha kijani chenye ndege wa manjano, na Tantine akapewa kazi ya kukaa na robota sebuleni na kuuza. Mwenye kutaka kuhesabiwa kuwa ndugu anakuja, ananunua chake, anakipeleka kwa fundi, basi, huyo ataingia ukumbini nyuma yangu akicheza, atakaa upande wetu mbele kabisa, sahani itamufikia chakula kikiwa bado na moshi, na atakuwa ndani ya ile picha kubwa ya kutundika ukutani. Asiye na kitenge ni mugeni, hata kama tulinyonya ziwa moja.

Acha nikuambie Dative. Dative ni rafiki yangu, muke wa makamo, ananiletea makala, makaa ya kupikia resto, kutoka upande wa Kibati, na ni Mutwa, wa wale waliotoka musituni, watu wanawadharau. Nakuambia mapema juu najua ungeniuliza, kila mutu ananiuliza. Tulijuana siku ya mvua kubwa, makala yalikuwa yamelowana, moto umekataa, wateja wanapiga vijiko juu ya meza, na yeye badala ya kushusha gunia na kwenda, akapiga magoti tukapuliza pamoja, fuu, fuu, mupaka moshi ukatulipukia usoni, tukatazamana, nyuso nyeusi tii, macho tu ndiyo yanaonekana, na tukaanza kucheka, tukacheka, Mama Olive, wateja wakaenda kula kwengine na sisi bado tuko chini tunashika tumbo. Tangu siku ile akileta makala anakaa. Na ni Dative huyo huyo aliniambia, "Angalia huyu kijana wa chaja. Anakula sahani mbili za maharagi na tumbo lake ni moja. Kuna kitu kingine anatafuta hapa." Bila Dative ningemuuzia Viateur maharagi mupaka uzee! Kuna wateja wakimuona anakunywa kwa kikombe changu wanaanza kuomba maji ya chupa, lakini mimi najifanya sioni, sitaki ugomvi kazini.

Na kitenge mimi sikumupa, hilo niliweke wazi. Nilimuambia tu, "Dative, utakuja kwenye arusi yangu," akaniuliza, "Kitenge kinauzwa wapi?" Nikacheka, nikadhani ni mizaha yake. Kumbe yeye na dada zake walikuwa wanafanya likelemba, ule muchezo wa kuchangiana feza kwa zamu, wakakusanya zamu zao, wakaoga, wakajipaka mafuta, wakaenda kwa Tantine wakanunua. Na Tantine akawauzia! Kwa mikono yake! Aliwapimia, akawakunjia, akawatilia kwenye mufuko, akasema aksanti. Alidhani wametumwa na mama fulani wa heshima anayeona aibu kubeba mizigo.

Halafu juma lililopita Tantine anaenda kwa fundi Jephté kujaribu nguo yake. Ujue Tantine alikuwa amejichagulia modeli ya mikono ya puto, mikubwa, ya kupita mulangoni kwa ubavu, na alimuapisha Jephté kwa jina la Bikira Maria asimushonee mutu mwengine. Anaingia, anakuta nani mbele ya kioo? Dative! Na ndege wa manjano! Na mikono ya puto! Na mbaya zaidi, Jephté mwenyewe alinieleza, kwa Dative ilikaa vizuri.

"Ni nguo ya nani hiyo unajaribu?" Tantine akauliza.

"Ni yangu, mama," Dative akamujibu. "Si weye uliniuzia? Umeshasahau?"

Jephté alikuwa na pini mudomoni, anasema ni Mungu tu hakuzimeza.

Tantine alifika nyumbani akipumua kama gari la kupanda Kibumba. Yesu Maria, alisema yote! Eti hawezi kuvaa nguo moja na Batwa, eti wakwe wa Rutshuru watasema tumeokota ndugu njiani, eti kama hawa hawarudishi kitenge, yeye siku ya posho atafunga mulango, atalala, na nitafute mukono mwengine wa kunikabidhi. Nikamuambia polepole, "Lakini Tantine, si ulisema mutu ni mutu?" Akanigeukia, kidole juu: "Mutu ni mutu, lakini kitenge ni kitenge!" Samahani, Mama Olive, nilijua ni jambo la kulia, lakini kicheko kilinitoka puani, na hapo ndipo alichukua kiatu.

Komite ikaitwa haraka. Wakaongea wote pamoja, kisha mujomba wangu mumoja akapata akili: waje kama wachezaji! Batwa wanajua kucheza, walipwe vizuri, wavae mavazi yao ya ngoma, wachangamushe watu, kisha wapewe chakula kizuri kule nyuma ya jiko, na kile kitenge watavaa siku nyingine kanisani kwao. Wote wakapiga makofi. Tantine akatabasamu. Na mimi, niseme kweli, niliona ni mwanga, nilirukaruka, nilimukumbatia mujomba, nikasema tazama, kila mutu amefurahi, na nikamungoja Dative aje na makala nimuambie.

Ngoja nikueleze kitu. Dative hajui kucheza. Hajui kabisa! Nimemuona siku moja redio ikiimba, unataka kumuitia munganga. Kwa hiyo nilipomuambia, alicheka, alicheka mupaka akashika ukuta, na mimi nikacheka, tukawa kama ile siku ya moshi. Kisha akapangusa macho, akaniangalia, akasema, "Nshobole, mimi nilinunua kitenge, sikununua ngoma. Unaniita nije kucheza, ao nije kukaa?"

Ee Mungu, nimeandika jina langu. Lifute, Mama Olive, sina karatasi nyingine.

Na mimi nilifanya nini? Nikacheka tena. Nikasema ngoja, maharagi yanaungua, nikakimbia ndani, na maharagi yalikuwa bado hayajawekwa hata motoni. Tangu siku ile Dative analeta makala, anashusha, anasema jambo, anaenda. Hakai tena. Na mimi katikati ya furaha yangu yote, nikifika kwenye lile gunia, kicheko kinakauka.

Nilimuuliza Viateur tufanye nini, akanishika kidevu akasema, "Fanya vile unaona, chérie, siku ile mimi nitakuwa nakuangalia weye tu." Nikayeyuka, nikasahau swali lenyewe, nimelikumbuka nikifika nyumbani.

Sasa nishauri. Nimuambie Jephté aseme cherehani imeharibika na nguo zao hazitakuwa tayari? Ao niwanunulie Dative na dada zake kitenge kingine, kizuri zaidi, cha bei, wakae pembeni wamependeza kuliko wote? Ao nimubembeleze Dative, juu ana roho nzuri sana, avumilie siku hiyo moja tu, na mimi nitamufikia baadaye na keki? Sitaki mutu alie siku yangu! Namutaka Tantine, namutaka Dative, namutaka Viateur, na nataka keki ya ghorofa. Jibu haraka, mama, posho inakimbia.

Ni mimi, musichana mumoja wa Goma.


MAMA OLIVE ANAJIBU

Nshobole mwanangu, usinikasirikie kwa kukutaja. Uliomba nikufiche, kisha ukanipa Tantine, fundi, fiancé, chaja zake, mutaa wako na rangi ya ndege. Hata ningekuita Fatuma wa Kisangani, Katindo nzima ingekujua, pamoja na yule mbuzi. Na wewe Tantine Thérèse, jambo sana, najua uko hapa. Kaa chini, kunywa chai, zamu yako inakuja.

Kwanza, pongezi! Nimecheka na barua yako mupaka mhariri akaja kuuliza kama niko muzima. Mujini mwetu mutu akipata kitu cha kumuchekesha hivyo, akishike kwa mikono yote miwili. Olewa, mama. Weka sukari kwenye maharagi. Mimi nitakuja kula.

Lakini niliisoma mara ya pili, na safari hii sikucheka. Umeniuliza maswali matatu, na yote matatu ni swali moja: nimuondoe Dative namna gani bila kumuumiza? Mwanangu, hapa siuzi dawa ya ganzi.

Cherehani imeharibika? Utaanza ndoa kwa kumufundisha Jephté uongo, naye mutu amekwisha kuapa kwa Bikira Maria na akavunja. Mumuache apumuzike. Kitenge kizuri zaidi? Hicho ndicho kibaya kuliko vyote. Utamukalisha pembeni amependeza sana, ili hata mutu aliye nyuma kabisa ya ukumbi aone wapi mumemutenga. Na hiyo "avumilie siku moja tu" imenifanya nitupe kalamu. Unajua ni wangapi wameshamuomba hiyo siku moja? Kwenye bomba anaombwa avumilie, wengine wachote kwanza. Kwenye foleni ya dispensari anaombwa avumilie. Shuleni mwalimu anamuomba mutoto wake akae nyuma, leo tu. Kila mutu anaomba siku yake moja, na ukizikusanya unakuta ni maisha ya mutu. Keki yako kula mwenyewe.

Na hiyo roho nzuri yake usinitajie. Hata Dative angekuwa na roho kali kama pilipili ya Masisi, hata angekuwa na domo na kiburi, alinunua kitenge na akakishona. Tantine ana roho nzuri kila siku? Kiatu kile kilitoka wapi? Na hakuna mutu wa komite aliyesema Tantine avuliwe nguo.

Tuje kwa komite yenu, watu wazima wote wale, na mujomba mwenye akili. Hakuna hata mumoja aliyeuliza kama huyu muke anajua kucheza! Ni Mutwa, basi anacheza, mambo yamekwisha. Mimi ni Munande. Kila mutu akisikia hivyo ananiomba nimukopeshe bidhaa, eti Wanande wote tuna maduka. Sina duka. Sina hata meza ya kuuzia vocha, na siku niliyojaribu kuuza nyanya zilioza nikiziangalia. Wanadhani wananisifu. Sifa nayo ni mulango, mutu anaweza kukufungia nje kwa sifa na akaondoka akijiona amekufurahisha. Mukitaka ngoma, tafuteni watu wa ngoma, Batwa ao wengine, walipeni sawasawa, nao wakae mezani wale chakula kama watu, siyo nyuma ya jiko. Hiyo ni kazi yao. Dative kazi yake ni makala, na siku ya posho amechukua konji, anapumuzika.

Sasa Tantine. Mama, ninakuheshimu, na sisemi hivyo kwa kukupaka mafuta. Ulimulea mutoto wa marehemu mupaka leo anacheka hivi, na mutu hacheki hivi kama hakupendwa nyumbani. Ulipiga meza kwa ajili ya Viateur wakati wengine walikuwa wanakunja uso. Ulipanda ngazi, aksanti. Lakini ukishafika juu usiivute ngazi, kuna watu bado wako chini. "Mutu ni mutu, lakini kitenge ni kitenge": hayo maneno nimeyacheka mupaka machozi, na nitakujibu kwa hayo hayo. Ndiyo, kitenge ni kitenge. Ulikipima, ukakikunja, ukapokea noti, ukasema aksanti. Noti ilikuwa nzuri, na mukono ulioileta umekuwa mubaya? Na tuseme ukweli, sisi wamama wawili: kuna kidogo cha Utwa hapo, na kuna kikubwa cha mikono ya puto. Fundi Jephté, kama unasoma, muongezee Tantine puto la pili juu ya lile la kwanza. Apite mulangoni kwa kusukumwa. Hilo litatuondolea nusu ya vita.

Nusu inayobaki ni yako, Nshobole. Nenda kwa Tantine leo, usiende na hotuba, na usicheke hata akikutafutia kiatu. Keti karibu naye umuambie: ninakuhitaji unishike mukono, na Dative atakuwa nyuma yetu pamoja na ndugu. Useme yote mawili kwa pumzi moja, kisha unyamaze. Atanuna. Muache anune, kununa hakuvunji arusi. Mutu aliyekunywesha kwa chupa hawezi kulala Jumamosi huku vigelegele vinapita dirishani kwake, namujua Tantine wa namna hii, nilikuwa na mumoja. Atatoka mbio dakika ya mwisho, kiatu kimoja mguuni na kingine mukononi, na atasema mulimuchelewesha.

Na kama hatatoka? Nisikudanganye. Inaweza kuwa hivyo. Basi utavuka ule mulango ukilia, na utavuka. Mukono wa Tantine ni wa thamani, lakini ukiuuziwa kwa bei ya Dative, umeuziwa ghali, na kila ukitazama ile picha kubwa ukutani utaona nani hayumo.

Viateur mukwe wangu, "nitakuwa nakuangalia weye tu" ni maneno matamu, nami ningekuwa na umri wa Nshobole ningeyeyuka vilevile. Lakini mume asiyeona mutu mwengine ukumbini hana faida. Tantine anasema wakwe watasema nini. Nani amewauliza? Funga meza yako ya chaja nusu siku, uende kwa wazazi wako, uwaambie upande wa bibi arusi kutakaa nani na nani. Usiende kuomba ruhusa, nenda kutoa habari, kwa heshima, na ukae mupaka wamalize kunung'unika. Huyo Dative ndiye aliyekuona ukila sahani mbili, na bila macho yake ungekuwa umenenepa bure.

Nshobole, kuna neno moja uliliandika mbiombio ukidhani sitaliona. Wateja wakimuona Dative anakunywa kwa kikombe chako wanaomba maji ya chupa, na wewe "najifanya sioni". Hapo ndipo arusi hii ilipoanza kuharibika, hata kabla ya kitenge. Tantine angalau alipiga kelele, mutu anajua yuko wapi naye. Wewe uliangalia sufuria. Kwa hiyo kuanzia kesho, mwenye kuomba maji ya chupa kwa sababu hiyo, muuzie mara mbili ya bei na umuambie kwa nini, kwa sauti, huku unatabasamu. Uko na tabasamu nyingi juma hili, itumie.

Na Dative alikuuliza swali. Mutu muzima, rafiki yako, alikutazama machoni akakuuliza, na wewe ukakimbilia maharagi ambayo hayakuwa motoni. Unashangaa kwamba hakai tena? Kila siku anashusha gunia, anasema jambo, haumuambii kitu, anaenda. Hangoji keki wala kitenge cha bei. Sasa ondoka kwenye hilo gunia, funga resto, panda Kibati mwenyewe. Usimungoje na makala yake, juu hapo bado atakuwa muuzaji na wewe munuzi. Usipeleke zawadi. Usilie mbele yake, atalazimika kukubembeleza, na huo nao ni mzigo. Usimueleze kwamba wewe si kama Tantine, yeye ataona mwenyewe. Sema "nilikosea", sema "uje ukae na sisi", na umuache akasirike kama anataka, ana haki yake.

Akishakubali, mupe saa. Sikiliza vizuri, hapa ndipo watu wengi wanateleza. Arusi ina saa mbili. Kuna saa ya wageni, ile ya kwenye mualiko, watu wanakuja moja kwa moja ukumbini wanakukuta umepakwa, umefungwa, umepambwa, hauwezi hata kupiga chafya. Na kuna saa ya ndugu, asubuhi, nyumbani, ambayo haiandikwi popote, inasemwa kwa mudomo tu: wanakukuta na muswaki kinywani, nusu ya kichwa imesukwa, nusu bado, unalia juu kiatu kimoja hakionekani. Mwambie Dative na dada zake waje saa hiyo. Na wakifika, mutu asiwape vitunguu vya kumenya, wameshamenya vya watu vya kutosha. Waingize chumbani kwako, wape viti, kisha fungeni mulango, wakucheke.